Nyumba ya Nesi Zuhura

Wasifu wa marehemu ulisomwa na mpwa wake, kijana aliyetoka Mbeya na suti inayombana, na alipofika kwenye kazi akasema Mzee Desderi alikuwa fundi baiskeli pale Mazwi, mtu mkimya, mpenda watu, asiyekosa misa ya kwanza. Basi. Fundi baiskeli! Nilikuwa nimekaa nyuma na akina mama wa jumuiya, mwavuli miguuni, nikahisi damu inanipanda kichwani. Nilitaka kusimama niseme, jamani, huyu mtu mnayemfukia alikuwa msimikaji wa nyumba, wa kwanza huku kwetu kupewa leseni, na mimi hapa, mwanamke mzima mwenye magoti mabovu, nimekula maisha yangu yote kwa kazi aliyonifundisha yeye. Sikusimama. Ningesimama ningelazimika kusema na mengine, na mjane wake alikuwa ananitazama kwa jicho la kuniomba ninyamaze, au labda ni mimi tu niliyeona hivyo. Nilitupa udongo wangu kaburini kama wenzangu, nikala wali wa msiba, nikarudi Kizwite kwa bodaboda huku upepo ukinisukumia machozi mpaka masikioni. Ule mwaka wake na wangu hakuna aliyeutaja pale makaburini, kwa hiyo nautaja mimi.

Nilikuwa binti mbichi, nimetoka chuo cha ufundi na cheti cha uchomeleaji ambacho hakuna karakana mjini Sumbawanga iliyokitaka mkononi mwa mwanamke. Wakati huo nyumba za kuunganisha zilikuwa zimeanza kupandishwa Ufipa kwa malori: kuta za paneli nyepesi, sakafu juu ya fremu ya chuma, bati, madirisha, kila kitu kimeshakatwa kiwandani, kazi ni kuja kuvisimamisha. Zilikuwa za wauguzi na walimu wa vijijini. Watu mjini walizicheka, wakaziita maboksi, na mwanzoni zilisimikwa ovyo kweli, kila mwenye spana anajiita fundi. Serikali ikatunga kanuni. Nyumba ikae juu ya nguzo fupi za zege, ifungwe kwa nyaya za chuma kwenye nanga zilizozamishwa ardhini, maana nyepesi ile upepo ukiipata chini unaiinua. Ardhi iliyolimwa isisimikwe nyumba mpaka udongo wote uliofunguliwa na jembe uondolewe. Mtu asisimike bila leseni, na mwenye leseni awepo mwenyewe ardhi inapopimwa. Mwanafunzi afanye kazi mwaka mzima chini ya mwenye leseni, ndipo naye apewe ya kwake. Lakini mkubwa wake akinyang'anywa leseni kabla mwaka haujatimia, mwaka wa mwanafunzi nao unafutika. Kifungu hicho nilikisoma nikakipita, kama mtu anavyolipita onyo la mbwa mkali kwenye nyumba asiyokusudia kuingia. Nilitaka leseni ile kuliko nilivyotaka kuolewa, na nilikuwa na mchumba.

Fundi Desderi alinichukua bila maswali mengi. Aliniuliza kama naogopa kupanda juu, nikasema siogopi, akasema, "Hapa kazi iko chini, binti. Juu anapanda kila mtu." Nilipanga chumba uani kwake, Mazwi, chumba chenye kitanda cha kamba na dirisha la kufungwa kwa mbao, na ukuta kati yangu na sebule yao ulikuwa wa mabanzi. Nilisikia kila kitu. Jioni baada ya kula nilimsikia akimsomea mkewe zile kanuni kwa sauti, polepole, kifungu baada ya kifungu, na mkewe akisonga au akichambua maharage anaitikia "ehee, ehee", mpaka siku moja mama wa watu akachoka akamwambia, "Baba, hebu leo nisomee hata bei ya mbolea." Nilicheka peke yangu kitandani nikajifunika kanga mdomo. Kazini alikuwa mkali kupita kiasi. Kulikuwa na nyumba moja ya mwalimu karibu na Kasense ambayo tulikuwa tumeshaifunga nyaya zote, wenzangu wawili wa kiume wameshaanza kunawa, akaja na chuma chake cha kupimia ardhi, kirefu kama mtu, tulichokiita mkuki, akakichoma kando ya nanga moja, kikaingia kirahisi kidogo kuliko alivyopenda. Tukang'oa zote. Mwenye lori alitukana mpaka povu, mwalimu mwenyewe akaja kutuombea, Fundi hakugeuka hata kumtazama. Nilimpenda siku ile kama mtu anavyompenda mzazi, nalisema bila aibu.

Kijiji tulichokwenda kusimika nyumba ya nesi sitakitaja, watu wake bado wapo na wengine tunapigiana simu. Tulifika kiangazi, wakati ule wa baridi ya asubuhi na vumbi la mchana, tukakuta wanakijiji wametusubiri uwanjani mwa zahanati kwa ngoma na pombe ya ulezi. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mnene mchangamfu aliyevaa koti la mvua jua kali, alituongoza nyuma ya zahanati akatuonyesha kiwanja. Sijapata kuona kiwanja kizuri vile. Kimesawazishwa kama kiganja, kimefagiliwa, pembeni wamesimama akina mama na majembe yao, wamechafuka mpaka magotini, wanapiga vigelegele. Lilikuwa shamba la Mama Leokadia, mwanamke mjane, mwembamba, mwenye sauti ndogo, na alikuwa amelitoa lote kwa ajili ya nyumba ya nesi.

Nesi mwenyewe alikuwa Zuhura, binti wa ziwani, kutoka huko chini Tanganyika kwa wavuvi, na nilivyomkuta alikuwa analala stoo ya zahanati katikati ya maboksi ya glavu na madumu ya dawa ya kuulia wadudu. Chumba kile kilinuka dawa mpaka chakula kilikuwa na ladha yake. Siku zote tulizokuwa pale alinilaza humo humo, tukigawana godoro, na alinipikia kwenye jiko la mkaa lililowekwa mlangoni ugali na migebuka ya kukaushwa ambayo mama yake alimtumia kwa gari la samaki. "Kula, Gaude, huku kwenu mnakula majani tu kama sungura," alinitania, na mimi nikamwambia watu wa ziwani hawajui hata kushika jembe. "Tulishike la nini? Samaki halimwi." Alivaa sweta mbili na soksi za mpira, analalamika baridi tangu asubuhi mpaka jioni, na bado alikuwa anaamka kumfuata mzazi kwa miguu mpaka vitongoji vya mwisho kabisa. Kijiji kizima kilikuwa kinamwita mwanetu. Nilisikia kwa masikio yangu wanawake wawili kwenye foleni ya kliniki wakinong'ona kwamba nesi akiendelea kulala stoo ataomba uhamisho, na akiondoka watarudi kuzalia njiani. Waliogopa hilo kuliko njaa.

Wenzangu wawili walikuwa wamerudi barabarani kulikwamua lori kwenye mchanga, kwa hiyo siku ya kupima ardhi tulikuwa mimi na Fundi. "Choma, binti," akaniambia. Nikachoma. Juu palikuwa na ganda kavu la kiangazi, mkuki ukagoma kidogo, kisha ukapita, ukasita, ukapita tena, na nilipouvuta ncha yake ilikuwa imenasa nyuzi za majani meusi yaliyooza nusu. Hakuna mtoto wa Ufipa asiyeyajua majani yale. Mvua zinapokaribia kuisha tunakata nyasi tunazipanga mafungu ya duara, tunazifunika kwa udongo, zinakuwa vilima vidogo shamba zima, ndizo ntumba. Nyasi zinaoza humo ndani, na msimu unaofuata unatawanya ule udongo unapanda, na hakuna udongo mtamu kama huo kwa chakula. Mama Leokadia alikuwa ameshazitengeneza ntumba zake za mwaka ule, kazi ya mgongo, kisha yeye na wenzake wakazisawazisha zote ili nesi apate kiwanja. Walikuwa wametoa kitu bora kuliko vyote walivyokuwa navyo. Wala hawakuficha, nani angeficha jambo la kujivunia? Fundi aliyatazama yale majani kwenye ncha ya mkuki, akanitazama mimi. "Ntumba," akasema kwa sauti ya chini. "Za mwaka huu," nikajibu.

Alimwendea Mwenyekiti, akavua kofia. "Mwenyekiti, mmefanya kazi kubwa, Mungu awalipe. Ila nyumba hii naomba tuisimike pale kando ya barabara, kwenye changarawe. Hapa pamelimwa."

"Pamelimwa ndiyo, tena vizuri!" Mwenyekiti akacheka, na watu wakacheka naye. "Pale kwenye changarawe hata mbuzi hapati jani, Fundi. Nesi wetu tumweke kwenye mawe, kama tunamfukuza?"

"Siyo kumfukuza. Ni kanuni za serikali."

Vigelegele vilikoma. Mama Leokadia alikuja mbele akifuta mikono kwenye kitenge, hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoumiza. "Baba, shikamoo sikuamkii kwa sababu sijui kama wewe ni wa kunizaa mimi au mimi ni wa kukuzaa wewe," akasema, "lakini wewe si mtoto wa huku huku? Wajukuu zangu wamepokelewa na mikono ya huyu binti. Sikuwa na cha kumpa ila hili shamba. Sasa unanirudishia, mbele za watu wote hawa?" Mtu aliyemnyamazia mwenye lori, aliyeng'oa nanga za Kasense bila kupepesa, alisimama pale na kofia mkononi anazungusha ukingo wake kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. "Nisamehe, mama," akasema mwishowe. "Tutasimika hapa hapa." Vigelegele vikarudi. Kwangu akasema, bila kunitazama, "Tutaongeza nanga. Kila pembe tutaweka mara mbili."

"Lakini kanuni inasema..."

"Naijua kanuni, binti. Niliisoma kabla yako."

Nimekasirishwa na siku ile maisha yangu yote. Nimeshafika vijiji vingi tangu hapo, nimerudisha viwanja vingi vilivyotolewa kwa mapenzi, na kila mara nimechukiwa, kuna kijiji kimoja walininyima hata maji ya kunywa. Sawa, wanichukie. Lakini nikisema Fundi alikuwa mwoga nitakuwa nadanganya. Alikuwa amelelewa kwamba mtu akikuletea alichonacho unapokea kwa mikono miwili, na malezi yale yalikuwa ndani yake zaidi ya leseni. Nadhani pia aliamini kweli kwamba nanga nyingi zingetosha. Tulizizamisha kila mahali tulipoweza, tukakaza nyaya mpaka zikawa zinalia ukizigusa, na nyumba ilisimama pale nyeupe, safi, madirisha ya vioo, watoto wanajitazama humo. Zuhura alizunguka vyumba vyote viwili akigonga kuta kwa vidole. Jioni nikiwa nje nakusanya spana nilimsikia kupitia paneli akimpigia mama yake simu, unajua kuta zile hazifichi neno. "Mama, nina mlango wangu," alisema. "Naufunga mwenyewe, naufungua mwenyewe." Halafu akacheka, akasikiliza, akasema, "Hapana, baridi ipo vile vile." Kabla hatujaondoka alikuwa ameshaotesha mchicha chini ya dirisha la jiko, kwa jembe la kuazima, analishika kwa namna ya kuchekesha kabisa, na Mama Leokadia amesimama pembeni anamwelekeza.

Mvua zilipoanza Disemba zilikuja na upepo na mawe. Ilikuwa mchana, saa ya chakula, Zuhura ametoka zahanati kwenda kwake kupasha ugali. Waliokuwepo walisema upepo uliiingia nyumba kwa chini upande wa bondeni, nyumba ikanyanyuka pembe moja, ikakaa hivyo kwanza kama inafikiri, kisha nanga zikaanza kutoka mojamoja, na ikapinduka juu ya nguzo zake na kubiringika kuelekea shamba la jirani. Tulipofika kesho yake yeye ameshapelekwa ziwani kuzikwa. Nyumba ilikuwa imelalia bati lake. Nanga zetu zilikuwa zinaning'inia kwenye nyaya, zote, zile za kwanza na zile za kuongeza, kila moja na bonge lake la udongo mweusi wenye majani. Ndani kulikuwa na sufuria, soksi za mpira, unga umelowa umekuwa uji. Fundi alizunguka akipangusa nanga mojamoja kwa kiganja kama anatafuta iliyokosea. Mimi nililia hadharani, sikujali.

Mkaguzi alitumwa kutoka mkoani, mtu mfupi mwenye mafua yasiyoisha, na kikao kikapangwa katika darasa moja la shule ya kijiji, wanafunzi wakiwa likizo. Nilifika mapema, mvua inanyesha, nikajibanza chini ya paa la ofisi ya walimu, na dirisha lake halikuwa na kioo. Humo ndani walikuwa wamekaa Mwenyekiti, Mama Leokadia, wazee kadhaa, na Fundi. "Marehemu hafungwi," nilimsikia Mwenyekiti akisema. "Fundi atafungwa. Na sisi tutanyimwa nyumba nyingine, tutanyimwa nesi mwingine. Alilima mchicha pale ukutani, kweli au si kweli?" Sauti zikasema kweli. "Basi alichimba, nanga zikalegea. Na shamba lilikuwa limelala tu, halijaguswa na jembe tangu mumewe Mama Leokadia afariki." Mama Leokadia akasema, "Na mama yake je? Amekuja. Amekaa huko darasani."

"Mama yake atalia kwa vyovyote."

Nilisubiri Fundi aseme. Nilimsikia akikohoa, nikasikia kiti kikisogea. "Sawa," akasema. Alipotoka alinikuta pale pale, maji yananichuruzika mgongoni, akajua. "Umesikia," akasema, wala halikuwa swali. "Leseni yako imo humo humo, binti. Mwaka wako unakaribia kutimia. Ukiniangusha umejiangusha."

Darasani mama yake Zuhura alikuwa ameketi dawati la mbele, dawati la watoto, magoti yamembana, amejifunga kanga mbili na mfuko wa plastiki mapajani. Hakuwa analia. Mkaguzi aliuliza taratibu, akipenga kamasi kila baada ya swali, na mmoja baada ya mwingine walisimama wakasema walivyokubaliana. Shamba limelala. Ardhi ngumu. Nesi alichimba. Mama Leokadia alipoulizwa shamba lililimwa lini alisema, "Halijalimwa," akiangalia mikono yake iliyolilima. Fundi akasema alipima na ardhi ilishika. Mkaguzi akaandika. Ndipo yule mama akauliza kwa lafudhi ya ziwani, kwa upole kabisa, kama anayeuliza njia, "Kwa hiyo mwanangu alijiua mwenyewe?"

Mwenyekiti alitazama dari. Mama wa watu akageuza shingo akatutazama safu kwa safu, anasubiri, na mimi nikaona kwamba tukinyamaza hivyo atarudi nalo hilo ziwani, atalala nalo, ataamka nalo, na kila atakayemuuliza ilikuwaje atasema mwanangu alikosea. Nilisimama. "Hapana, mama," nikasema. "Zuhura hakufanya kosa. Nyumba ilisimikwa juu ya ntumba za mwaka ule ule. Nilichoma mkuki mimi, Fundi akiwa hapo, ukatoka na majani." Niliyasema yote, na shamba lilivyotolewa, na Fundi alivyoomba changarawe akakataliwa. Darasa lilinguruma. Mtu mmoja nyuma alinitukana kwa Kifipa tusi ambalo sikuwahi kutukanwa hata na mlevi.

Mkaguzi akamgeukia Fundi. "Unasemaje?"

Fundi Desderi alinitazama, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Huyu binti hakuwepo siku ya kupima," akasema. "Alikuwa barabarani na wenzake, wanakwamua lori."

Nimeshawahi kuanguka kutoka juu ya paa, nimezika mume, lakini sijapata kuumizwa kama nilivyoumizwa na sentensi ile. Alikuwa ameniambia choma, binti. Mkaguzi alitutazama wote wawili, akakunja leso yake, akauliza, "Huo mkuki uko wapi?" Nikamwambia uko garini. Tukatoka nje wote, kijiji kizima, kwenye manyunyu, mpaka pale kwenye mashimo ya nanga. Mkaguzi hakuwa mtu wa nguvu. Aliuchoma kando kabisa, mbali na mchicha, mahali ambapo hapakuwa na mtu aliyechimba chochote baada yetu, akaulalia kwa mikono miwili, na mkuki ukazama wote mpaka mkononi mwake, akapepesuka karibu aanguke kifudifudi. Aliuvuta, akautazama ule uozo mweusi, akampa Fundi aushike. Mama Leokadia aliketi chini kwenye tope. Fundi aliurudisha mkuki kwa Mkaguzi kwa adabu, akavaa kofia yake, akaanza kutembea kuelekea barabarani.

Hakufungwa. Leseni waliichukua, na mwaka wangu ukafutika nao, kama kifungu kilivyosema. Nilihama chumba cha Mazwi mwezi ule, mkewe akinisaidia kufunga godoro bila kunitazama usoni. Mchumba wangu, ambaye ndugu zake walitoka kijiji kile, naye hakuja tena. Ilinibidi niende mkoa mwingine nianze mwaka upya kwa mtu ambaye hakunifundisha hata nusu ya nilichokuwa najua tayari. Fundi alifungua banda la baiskeli, na kila nilipopita Mazwi, miaka yote hiyo, nilisimama nikamwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba huku anazungusha gurudumu kuangalia kama limenyooka. Hakuwahi kuongeza neno, mimi pia sikuongeza. Sikumsamehe. Nilimkosa sana, na mambo hayo mawili yamekaa ndani yangu pamoja bila kugombana.

Lakini siku ile ya mkuki ilikuwa bado haijaisha. Watu walipotawanyika mama yake Zuhura alinishika mkono, mkono wake wa baridi, nikadhani atanishukuru, na Mungu anisamehe, nilikuwa nimejiandaa kushukuriwa. Akasema, "Nipeleke kwa mwenye shamba." Tulimkuta Mama Leokadia jikoni kwake, moto umezimika, nguo zile zile za tope, na alipotuona alipiga magoti pale kwenye majivu. Mgeni alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Mvua ilikuwa inapita kwenye nyasi za paa.

"Nilipanda kuja huku kutoka ziwani nikijua nitamkuta mtu aliyemfanyia ubaya," akasema. "Mlevi, au mwizi wa saruji, mtu yeyote. Ningemlaani mpaka siku ninayokufa. Sasa naambiwa mwanangu ameuawa na watu waliompa shamba lao zuri. Nimlaani nani mimi?"

"Nilaani mimi, mama," Mama Leokadia akasema.

"Nimejaribu. Tangu pale kiwanjani najaribu." Alijipiga kifuani kwa ngumi, mara moja, kwa nguvu. "Haitoki."

Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu afike, analia kwa hasira, anapiga paja lake ngumi baada ya ngumi, na Mama Leokadia amepiga magoti mbele yake, mikono ameinyoosha nusu, hathubutu kumgusa.